Mikono Haijui Likizo

Dada Rehema,

Shikamoo, na pole na baridi ya Woolwich. Huku Meksiko jua linachoma, na embe wanalinyunyizia chumvi na pilipili kama kwetu Tanga. Ila kijiji kizima kimejaa wazee wa Kizungu waliohamia kula pensheni zao ufukweni. Jana mmoja alishindwa kuinuka kitini. Kabla sijafikiri, nikawa nimeshamshika kwapani namhesabia moja, mbili, tatu, kama ninavyowafanyia wazee ninaowatunza kazini. Akaniuliza zamu yangu inaisha saa ngapi. Nikamwambia niko likizo. Akacheka, akaomba maji. Nikaenda kumletea, dada.

Wasalimie watoto, uniandalie na lile kochi lako. Nikirudi nitakuja kwako kupumzika.

Mdogo wako,
Mwanaidi