Kwa Kaka Saidi, Winga Aliyekwenda Vitani

Mpendwa Kaka Saidi,

Nakuandikia nikiwa kibarazani kwangu Rusimbi, Ujiji, cherehani nimeifunika. Wiki iliyopita nilifanya jambo, na sina wa kumwambia ila wewe. Ila acha nianzie mbali kidogo.

Kule Bujumbura ulikuwa winga wa kulia wa timu iliyokulipa mshahara, na mtaani kwetu Buyenzi hakuna aliyekuita Saidi. Walikuita Upepo. Mama alinung'unika kila siku kwamba chakula kinapoa, maana huwezi kutoka msikitini hadi nyumbani bila kusimamishwa njiani na nusu ya mtaa. Kisha vita vikaingia, wazazi wetu wakauawa siku moja, na sisi wawili tukashika njia ya ziwani kwa miguu. Nilikuwa na miaka kumi na tano, tena mzito. Miguu yangu ilipovimba ukanibeba mgongoni, na ukawa unanisimulia mabao yako ili nisilie.

Huku Tanzania tulikaa miaka mitatu katika kambi ya wakimbizi. Viongozi wa timu moja ya Kigoma wakasikia habari zako, wakakuombea kibali cha kutoka, nami nikapata kazi kwa fundi wa nguo pale Mwanga. Ule ndio wakati nilipokuona ukicheka tena. Siku ya mechi wafanyabiashara wa Mwanga walifunga maduka mapema, na mafundi wenzangu walinisukuma mstari wa mbele kwa sababu mimi ni mdogo wako. Mwaka huohuo ukaniozesha hapa Ujiji, ukakaa mahali pa Baba.

Ndipo ikatoka amri wakimbizi warudishwe kambini. Walikukuta mazoezini, wakakupandisha lori ukiwa na jezi na njumu. Katibu wa timu aliwakimbilia na kibali chako mkononi. Askari akakisoma, akamrudishia, lori likaondoka. Mimi nilibaki kwa kuwa ni mke wa mtu wa hapa.

Nilipopata ruhusa ya kuja kukuona, wanaume wa vita vya kule kwetu walikuwa wameshakutembelea. Bunduki walikuwa nazo. Walichotaka kwako ni jina, kwa sababu vijana wangelifuata. Nilikushika magoti pale mbele ya hema, nikakuomba kwa jina la Mama. Ukaniinua.

"Mwaju, hapa sichezi, silimi, sitoki. Kazi yangu kungoja unga. Nta kundi."

Ulilimalizia kwa Kirundi: hakuna namna. Ulikwenda, na vijana tisa wa pale kambini wakakufuata, wengine hata ndevu hawajaota.

Baada ya miaka miwili ukaja kwangu asubuhi moja ya masika, unachechemea. Risasi ilikuwa imepita kwenye goti la kulia. Binti yangu alikuletea mpira wake wa makaratasi, ukaushika tu mikononi, ukamuuliza jina lake mara mbili. Shemeji yako alikuwa tayari kukuombea kwa wakubwa ukae. Nikakuambia yamekwisha, wewe na goti hilo si askari tena. Katika wale tisa, wanne ndio waliokuwa wamebaki.

"Walinifuata mimi," ukasema. "Hawakufuata chama wala kamanda. Walinifuata mimi."

Siku ya nne niliamka kwa sala ya alfajiri, nikakuta kitanda umekitandika.

Amani ilipotangazwa niliuliza kila aliyetoka huko. Mmoja wa wale wanne, Bosco, alinitafuta sokoni Mwanga, ninakoshonea siku za soko. Akaniambia walikuacha kilimani na majeruhi watatu, na uliwaambia watangulie, utawakuta mbele. Nikamuuliza kilima gani. Alijaribu kukumbuka, akashindwa, akaanza kulia mbele ya wateja wangu. Mama wa mmoja wa wale tisa anauza dagaa karibu nasi. Kila akiniona ananiuliza, "Saidi hajaandika?" kana kwamba umemficha mwanawe mahali.

Sasa nikuambie nililolifanya. Nilikwenda kujaza karatasi za uraia. Karani, mama mtu mzima mwenye upole, akaniuliza ndugu wa tumbo moja. Nikakutaja. Akauliza kama uko hai au umefariki. Nikasema hujarudi.

"Mwanangu," akasema, "hapa pana nafasi mbili tu."

Akanisubiri. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, mmoja anakohoa. Nikasema umefariki. Akaandika, akanipa kalamu, nikatia saini.

Niliporudi nyumbani shemeji yako akasema basi tukusomee hitima. Nilikataa kwa siku tatu, jana nikakubali. Itakuwa Ijumaa baada ya alasiri. Nitapika, watu watanipa pole, nami nitazipokea. Sijui kama nitakuwa nakuombea, au nakuzika huku unatembea mahali na goti lile. Nimejaribu kuwaza jambo jingine ninaloweza kukufanyia, Kaka. Sijaliona.

Ukiwa hai, usinichukie. Njoo hata Ijumaa yenyewe, uwakute wote mkekani wanakusomea, nami niaibike mbele za watu.

Mdogo wako uliyembeba,
Mwajuma