Picha Imekwenda Kuchunga

Mwalimu Merina,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mkono umekataa kuandika lolote kabla ya hiyo.

Ni mimi Anita, yule uliyemfundisha kusoma darasa la kwanza pale Hombolo. Sikuja kukuzika. Mwanangu Suzi alikuwa na homa, mdogo wake alikuwa na wiki mbili tu, na kutoka huku Nzuguni nikashindwa. Nimeambiwa wamekulaza nyuma ya kanisa, na kwamba upepo ulivuma mpaka watu wakasali wamefunika macho kwa vumbi. Nisamehe. Lakini sikuandikii kwa hilo tu. Kuna jambo nimelifanya kwa kutumia mkono wako, na nimelifanya vibaya.

Shule ya Suzi imeletewa vishikwambi. Ungeviona, Mwalimu! Vina makava ya mpira ya bluu, vinachajiwa kwa umeme wa jua, na ndani yake kuna mwanamke anaongea Kiswahili cha redioni. Inatokea picha, chini yake maneno. Mwanamke anasoma, mtoto anarudia, anabonyeza, anaambiwa, "Hongera! Umepata nyota!" Suzi wangu, darasa la pili, akawa na nyota kuliko wote. Mwalimu wake, binti mpole anaitwa Mwalimu Joyce, akaniambia, "Mama Suzi, huyu ndiye atakayewasomea wageni wa mradi siku ya kikao cha wazazi."

Nilitaka kufurahi. Nafua nguo za watu tangu asubuhi, mtoto mgongoni, jioni viganja vimechubuka. Kwa mtu kama mimi habari njema haiji kila siku. Lakini moyo ulikataa. Suzi nikimtuma sabuni dukani alikuwa anaijua kwa rangi. Siku moja ikaja ile ile kwenye karatasi mpya, akarudi mikono mitupu. "Mama, haipo." Nikaenda mwenyewe. Ilikuwepo, jina limeandikwa kubwa kama kichwa cha mbuzi.

Nyota zote zile, na sabuni haipo?

Ndipo nikakukumbuka. Kitabu kilikuwa kimoja, umekishika juu, sisi tumekaa chini. Tukaona picha ya jogoo, tukapiga kelele wote, "Jogoo!" Kumbe maneno yalisema "kuku wetu". Hukutuchapa. Uliifunika picha kwa kiganja chako, chaki imejaa mpaka kwenye pete, ukasema, "Picha imekwenda kuchunga. Tumebaki na maneno. Haya." Tukabahatisha wote, tukakosa wote, tukacheka. Tangu siku ile picha ilikwenda kuchunga kila asubuhi, ikarudi tukishamaliza kusoma.

Siku ya kikao wageni wakaja, wakatusalimu "Mbukwenyi", tukacheka jinsi walivyokitamka Kigogo chetu. Suzi akasimama na sketi niliyoipiga pasi mwenyewe. Kwenye kioo ilikuwepo picha ya mama yuko jikoni. "Mama anapika ugali," akasoma, sauti imenyooka kama ya yule mwanamke wa ndani. Makofi! Akabonyeza ije nyingine. Mimi nilikuwa nimeshainuka. Nikafika mbele, nikaweka kiganja juu ya picha kabla hajaiona.

"Haya mama, soma."

Maneno yalikuwa "Baba analima". Suzi akautazama mkono wangu, halafu akanitazama mimi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama anapika ugali."

Baba mmoja kule nyuma akasema, "Mama Suzi, ukaguzi umeanza lini? Unamwaibisha mwanao mwenyewe!" Wakacheka. Mwalimu mkuu akatangaza soda ziko tayari. Wageni wakaandika kitu, wakasema watalifanyia kazi. Hiyo kazi bado naisubiri.

Njiani Suzi hakunishika mkono.

Hapo ndipo nilipokosea, Mwalimu. Wewe ulifunika kwa darasa zima, tukakosa wote, tukacheka wote. Mimi nikafunika kwa mtoto mmoja, mbele ya wageni, na mtoto mwenyewe ni wangu. Nilikuwa na shaka na mashine, aibu akaibeba yeye. Ningeweza kumwuliza nyumbani. Niliogopa nikiuliza nyumbani nitanyamaza, nimwache asifiwe.

Siku ya tatu Mwalimu Joyce akanikuta naanika nguo. Akasema, "Nilijua, mama. Wengi hawasomi. Lakini kile kitu kinasema wanasoma, na mimi watoto wamejaa mpaka dirishani. Nimwambie nani?" Huku amelishika shati la mtu asiyemjua, analikamua na mimi. Nikamweleza habari zako. Sasa amekata maboksi vipande, kila kundi lina kipande chake, sauti inazimwa, na wote wanafunika picha. Wanakosa wote. Amesema hata wanacheka.

Vishikwambi vipo, sivikatai. Watoto wanavikimbilia. Ila siviamini. Kitu kinachomsifu kila mtoto kila siku hakijamtazama hata mmoja. Wewe ulinisifu mara moja tu, na mpaka leo najua nilikuwa nimesimama wapi.

Suzi alikuwa ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Mimi nami sikumbembeleza sana. Kila jioni nilichora herufi mchangani, nikamwita, akaja amenuna. Jana nilikuwa nasonga ugali. Akauchukua mfuko wa unga, ule wenye picha ya hindi, akaweka kiganja chake juu ya hindi. Kiganja kidogo, hakikulifunika lote.

"Mama. Picha imekwenda kuchunga."

Akapita kwenye herufi kwa kidole, moja moja. "Se... se-m... sembe." Hakuna aliyempigia makofi. Ugali ukashika chini, Mwalimu, tukaula hivyo hivyo.

Lala salama, mwalimu wangu. Utaona nimeandika kwa herufi kubwa zilizoachana, kama za ubaoni. Ni makusudi. Nitakuja Hombolo, lakini sitakuja kukusomea barua hii. Naikunja naiweka chini ya godoro mpaka Suzi aweze kuisoma yote peke yake, mbele ya msalaba wako. Haina picha hata moja.

Mwanafunzi wako,
Anita, Mama Suzi