Kiingereza Kisichomjua Lautaro

Toronto, mwezi wa pili

Mdogo wangu Herminda,

Pilipili uliyonitumia kutoka kwetu Temuco imefika salama, nami sasa nainyunyiza hata kwenye mayai. Theluji imeziba mlango wa chini. Jirani huja kuizoa.

Kwenye simu ulinisuta: "Dada, mwandishi mzima wa Kihispania, unalala na vitabu vya Kiingereza! Kwani lugha ya mama imekukosea nini?" Nilicheka tu. Sasa nakujibu.

Kiingereza nimekipenda tangu miaka yetu ya kwanza uhamishoni, kwa jinsi kinavyosema jambo zito bila kupaza sauti. Mume wangu Lautaro hakujifunza kukisoma kamwe. Kila jioni, tukinywa chai na mkate kama huko kwetu, Lautaro aligonga meza: "Haya, bibi, nisomee, ila kwa lugha ya watu!" Nami nilimtafsiria kwa Kihispania papo hapo, naye akibishana na wahusika.

Tangu tumzike, kila nikifungua kitabu cha Kihispania nasikia sauti yake, hata katika vitabu vyangu mwenyewe. Ndiyo maana sijaandika hata ukurasa. Katika Kiingereza hayumo, nikadhani humo nitapumzika.

Jana jioni nilifika kwenye sentensi ya kuchekesha mno, kuhusu padri aliyemwogopa bata wake mwenyewe. Nikageukia kiti cha Lautaro, nikaitafsiri kwa sauti.

Hakuna aliyecheka, Herminda. Nikaendelea kutafsiri mpaka mwisho wa ukurasa.

Dada yako akupendaye,
Nolfa