Mkono wa Kitavi

Ivyne, wacha kila kitu usome hii. Caro amekaa hapa kwangu Woodley, hata chai hajagusa.

Unajua ile kazi yake ya kutengeneza mikono ya plastiki yenye mifupa imevunjika, madaktari wajifunzie upasuaji. Aliambiwa watu wanataka mvunjiko wa ukweli. Akachukua eksirei ya Kitavi, bwanake, ile ya Desemba alipoanguka kwa ngazi huko mjengo Lavington. Akaiga ufa kwa ufa.

Leo daktari mkubwa ameinua huo mkono mbele ya darasa. Akamsifu Caro kwanza. Halafu akasema, "Mwenye mkono huu alipiga mtu ngumi."

Wanafunzi wakacheka. Caro naye akacheka, ati.

Akauliza, "Daktari, kuanguka kwa ngazi haiwezi?"

"Mara chache sana. Mfupa wa kidole cha mwisho ukivunjika hivi, ni ngumi."

Ngumi, Ivyne! Na ni wiki hiyo hiyo ya Desemba kakake Caro, Muindi, alitokea na taya imefura, akasema ni wakora wa Ngara walimpiga.

Amempigia Kitavi kwa spika nikiwa hapa. Hakupandisha sauti. Amemuuliza tu, "Ulipiga nani?"

Kitavi akasema, "Kwani Muindi amekuambia nini?"

Caro akakata.

Hajalia. Kitavi anapiga simu tena na tena, na Caro ananiuliza kama niko na gundi, ati kuna mikono mingine inatakiwa kesho.