Damu Aliyoisema Daktari

Marita,

Ukirudi kutoka shambani usinitafute. Geuza maharage yasishike chini. Baba yako mpelekee uji hospitali, uwe mwepesi, umnyweshe upande wa mdomo usiopinda. Ule mwingine unavuja na anaona aibu.

Mwenzio nimechanganyikiwa. Asubuhi daktari aliuinua mkono wake uliopooza, ukaanguka. Nikauliza, “Atainuka huyu?” Akasema, “Mama, tusubiri damu yake, ndiyo itatuambia.”

Mimi nikajua anamsema kaka yako Kasiani. Nani mwingine? Alipokataa kuhamia kijiji cha ujamaa akavuka mpaka kwenda Nakonde, si baba yako alisema huyo si damu yake tena? Tangu siku ile nikisikia damu namwona yeye. Nikamjibu daktari, “Kasiani nitamleta leo leo!”

Nesi akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ni damu waliyomtoa jana kwa sindano, imepelekwa Mbeya. Wataangalia sukari na mengineyo, wajue kama atapona au atabaki vile. Haya, nawe cheka.

Lakini baba yako hakucheka. Aliposikia jina la Kasiani alinishika kanga kwa mkono ule mzima, akang’ang’ania. Sijui alikuwa ananituma au ananizuia. Ulimi hauna neno, macho yamejaa maji.

~~Usimwambie nimekwenda wapi.~~ Mwambie. Kisha mtazame usoni, utanieleza.

Damu ya chupa imekwenda Mbeya. Hii nyingine naifuata mwenyewe Nakonde. Tuone ipi itatangulia kufika.

Mama yako