Mstari Nyuma ya Mgongo Wangu

Jumatatu, 6 Juni 2011
Leo bamama wamenichagua nigombee uenyekiti wa kijiji chetu hapa kambini Nakivale, Uganda. Mimi! Hakuna mwanamke aliyewahi kukalia kiti hicho. Jirani yangu Grâce, Mbembe wa Fizi kule Kongo, ndiye aliyetaja jina langu. Eti Kantengwa anajua Kifaransa, haogopi maofisa, na wanaojifungulia njiani, zahanati ikiwa mbali, ni sisi, si wanaume. Vigelegele! Nilimkimbilia Mama kitandani kumwambia. Akanishika mkono tu — homa bado.

Jumatano, 8 Juni
Laurent, mume wa Grâce, amesema pale kwenye bomba la maji, watu wote wakisikia: "Munyarwanda hawezi kusimamia Bakongomani."
Mimi Munyarwanda, kwa kuwa lugha yetu inafanana na yao! Nimezaliwa Minembwe, Kongo. Babu yangu amezikwa Minembwe. Mwaka wa 96 neno hilohilo lilitufukuza kwetu. Nilidhani tumeliacha kule. Kumbe nalo limevuka mpaka na sisi.

Jumapili, 12 Juni
Mbarara, hospitalini. Mama amezidiwa. Saudah, mama wa Kiislamu anayemuuguza dada yake kitanda cha pili, ametugawia uji. Akamuuliza Mama ni mtu wa wapi.
"Wa Kongo."
Saudah akashangaa: mbona sura ni ya Kinyankore kabisa, kama wenyeji wa hapa Mbarara? Mama akacheka. Halafu akalia. "Kila fasi nafanana na benye fasi," akaniambia, "na mimi sina fasi, sina kwetu."

Jumatano, 15 Juni
Mama hayupo.
Alitaka alale Minembwe, kando ya baba yake. Tumemzika hapa Nakivale, kilimani juu ya ziwa. Grâce ndiye aliyemwosha. Laurent alisimama barabarani, hakuingia.

Ijumaa, 17 Juni
Kaka yangu Gatete anataka nijitoe. "Acha politiki, dada. Sisi ni bageni."
Wageni wa nani? Kule wageni, huku wageni. Mgeni gani asiye na kwao? Nililia tu, Mama yuko chini ya udongo na mimi nabishana.
Kesho nitasimama.

Jumamosi, 18 Juni
Kura ni ya kupanga mstari, kila mtu nyuma ya anayemtaka. Mimi na Bienvenu, mpinzani wangu, tuliambiwa tutazame ziwa, tusigeuke, watu wasituonee haya. Nikasikia miguu nyuma yangu. Mtoto akilia mgongoni mwa mtu. Na karibu kabisa, kikohozi cha Grâce.
Halafu Laurent: "Grâce! Toka mu mustari ya Banyarwanda!"
"Huyu ni Mukongomani kama mimi," Grâce akasema. "Sitoki."
Sikugeuka. Machozi yalinishuka hivyohivyo, mbele ya ziwa.
Bienvenu ameshinda.

Jumapili, 19 Juni
Mchana. Grâce yuko kwangu na watoto wake, mdomo umevimba. Laurent alimfukuza jana, sasa yuko uani anamdai. Gatete amesimama mlangoni kumzuia. Watu wamejaa. Bienvenu naye amefika — mwenyekiti wetu! Anasema hayo ni mambo ya nyumba, mama arudi kwa bwana wake.
Bamama wanamzomea. "Présidente! Toka useme!" Nilidhani wanamtania yeye. Hapana. Wananiita mimi mwenyekiti, mimi niliyeshindwa.
Grâce ananiuliza nitasema nini. Naandika ili nipate la kusema. Laurent amemsukuma Gatete, bamama wamesogea wote mbele ya mlango wangu, wanaita tena. Navaa viatu —