Mikono ya Sumaku

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na pole na baridi ya huko. Natumaini goti limepunguza kukusumbua, na wale wanao wawili wameacha kugombania kitanda cha dirishani. Mimi mwili mzima, kazi zinaendelea. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha kuandika, maana kwenye simu nikisikia tu sauti yako nitaanza kucheka, na leo sitaki kucheka.

Uliniuliza tarehe ya harusi ni lini, ili ushone nguo mapema. Nikakujibu kwamba mdogo wako bado anamalizia mambo fulani. Haya, leo nakwambia hayo mambo fulani ni nini. Ni mikono ya askari wa plastiki. Usicheke na wewe.

Unawajua wale askari wake, wale unaowaita vidoli ukitaka kumchokoza. Ni mchezo wa vita vya angani, vya zama zijazo huko, unachezwa mezani kwa dadu na futi ya kupimia. Kila mtu anapanga jeshi lake. Kila silaha ina pointi zake na pointi zina kikomo, kwa hiyo ukimpa huyu mzinga wa kupiga mbali, yule atabaki na kisu. Na silaha unayoidai lazima ionekane mkononi. Huwezi kuniambia huyu ana mzinga na mimi naona ameshika rungu. Basi watu wanachagua, wanagandisha mikono kwa gundi, wanapaka rangi, wanaingia vitani. Ndivyo wanavyofanya wote pale klabuni kwao, hata yule mwalimu mstaafu ambaye mikono inamtetemeka.

Mdogo wako hagandishi. Si unajua ni fundi simu? Kwenye spika za simu mbovu mna visumaku vidogo kama punje ya mchele. Anatoboa bega la askari, anatia kisumaku. Anatoboa mkono, anatia kingine. Leo askari ana mkuki, kesho bunduki, keshokutwa mtambo wa kutupa moto. Kila mmoja ana mikono yake ya akiba kwenye kisanduku cha vidonge. Tulipoanza kuishi pamoja niliona hiyo ni akili kubwa. Nikajisifu kazini kwamba nimempata mwanamume asiyebahatisha mambo. Kumbe!

Jeshi lenyewe tulilibuni wote wawili. Mimi natengeneza meno ya bandia, brashi ndogo ndiyo maisha yangu, kwa hiyo rangi zote nilipaka mimi. Hata wazo lilikuwa langu: askari walioachiwa lango moja huko mwisho wa nyota, wakala kiapo kwamba hawaondoki. Kwa hiyo kila mmoja ngao na mkuki, wale wakubwa mitambo ya kutupa moto, basi, imetosha. Hakuna mizinga ya mbali, hakuna wa kuruka. Aliyeapa kusimama langoni, mabawa ya nini? Mdogo wako alilipenda wazo hilo mpaka akalisimulia klabu nzima. Lakini sheria mpya za mchezo zikitoka tu, walinzi wangu wananyang'anywa ngao na kuvishwa mizinga. Nikilalamika, ananiambia ni kwa mchezo huu mmoja tu. Ukiisha mmoja, unakuja mwingine wa aina hiyo hiyo.

Sasa sikiliza. Baba yangu alipouliza mara ya kwanza kijana anakuja lini nyumbani kuposa, mdogo wako alisema tuhame kwanza ile nyumba ya kelele. Tukahama. Akasema apate kwanza chumba kizuri cha duka. Akapata, tena barabarani. Safari hii akasema mashindano makubwa yapite. Hata pete aliyonipa, wifi, haikufungwa nyuma, ni ya kubana na kupanua. Alisema vidole vya mtu hubadilika. Vidole vyangu havijabadilika tangu darasa la saba!

Jumapili moja alikuwa ameitandaza mikono yote kwenye meza ya chakula, sisi tunakula tumepakata sahani. Nikamwambia kwa upole kabisa achague silaha moja moja, agandishe, tupumzike. Hakuinua hata macho. Akasema mtu mwenye akili hagandishi kitu, kwa sababu hajui kesho atahitaji nini. Nikamwuliza kama anazungumzia askari. Akajibu kwamba anazungumzia kila kitu. Na wala hakusema kwa ubaya, wifi, ndiyo maana ilinichoma. Alisema kama mtu anayekwambia uchukue mwavuli.

Kesho yake sikwenda kazini. Alipofungua duka lake, mimi nilifungua gundi. Mkuki kulia, ngao kushoto, wakubwa na mitambo yao ya moto, mmoja baada ya mwingine, jeshi zima. Ndiyo, mimi ndiye niliyefanya, na nilifurahi, sikufichi. Nikaisafisha meza, nikawapanga kwa mistari wakitazama mlango, nikakaa kumsubiri. Nilitaka agombe. Nilishaandaa majibu yote, mpaka yale ya kumtukania sumaku zake. Nilitaka siku hiyo tupasuane, kisha anioe au aniache, lakini lijulikane moja.

Akaingia, akavuta mkono wa askari wa kwanza. Ukagoma. Akavuta wa pili. Akanitazama, akatabasamu kidogo, akaenda kwenye friji. Akatoa samaki wangu wa kwenye barafu, akawaweka kwenye sinki, akalitia jeshi ndani ya mfuko na kulifungia humo kwenye barafu. Nilikuwa sijui, mimi mtu wa gundi kila siku, kwamba gundi ile ikipigwa na baridi kali inakakamaa na kukatika kirahisi. Akanipigapiga bega, akasema nisiwe na wasiwasi, hakuna kilichoharibika, vyote vitabanduka.

Nikamwuliza, na kama visingebanduka? Angekwenda kwenye mashindano na walinzi wa lango vile walivyo? Akafikiri kidogo, akasema hapana, angeazima jeshi la mtu.

Nililia, wifi. Na yeye alinibembeleza vizuri sana, akidhani nalilia rangi yangu.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Nimeondoka. Nina chumba changu juu ya duka la mshonaji, karibu na kazini. Nilihama mchana kweupe, yeye akiwa dukani, kwa safari mbili. Nilibeba nguo, viatu, mapazia yangu, hata kile kioo kikubwa cha ukutani. Barua sikuacha, kwa sababu niliona nyumba yenyewe itasema. Siku ya tatu akaniletea ujumbe. Niliiweka simu chini kwanza, kabla sijaufungua. Ujumbe ulisema rangi imetoka mabegani pale gundi ilipokatika, na kama nina nafasi nipite niirekebishe.

Na aibu yangu ni hii, dada yangu: nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti changu kile kile, nikapaka mabega ya watu walioshika mizinga. Yeye alinishikia taa, akisema hakuna mkono kama wangu mji mzima. Nilisubiri aulize. Madirisha yako uchi, ukutani umebaki msumari mtupu, kabati liko wazi na mashati yake yamejibanza upande mmoja kama yalivyozoea. Mtu huyu akiwa mwisho wa meza anaona kama askari wako ana bunduki fupi au ndefu! Akauliza tu kama rangi nyeupe itakuwa imekauka kufikia Jumamosi ya mashindano. Nilipochukua mkoba wangu akanipa pole, akasema anaona siku hizi tunakesha sana kazini na zamu za usiku.

Wifi, kazini kwetu kwenye meno hakuna zamu ya usiku.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyemlea umwambie kwamba nimeondoka. Si ili aje kunichukua. Ni ili ajue tu. Mimi nimeshindwa hata kuonekana kwamba sipo.

Nibusie wanao, na umsalimie shemeji. Goti ulikande kwa maji moto, usilifanyie ubishi.

Ni mimi akupendaye,
uliyeniita wifi